Karani Aliyelishtaki Sufuria Langu

Hakuwa na desturi ya kuniita Mama Namkunda kama watu wengine. Akifika kwenye uzio wa masale unaotenganisha kiwanja chake na changu, anakohoa mara mbili, kama mtu anayebisha hodi ofisini, halafu anasema:

"Mlalamikiwa, umeamkaje?"

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Naona moshi wako umeamka kabla yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu kwa miaka zaidi ya ishirini, hapa Same, mtaa wa nyuma ya barabara kuu, pale mabasi yanapopunguza mwendo. Jina lake la ubatizo nalijua, ila halimfai. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka akastaafu, na alichostaafu ni mshahara tu. Kazi yenyewe hakuiacha. Ilipokosa mahakama ikahamia kwangu.

Mimi napika makande. Nasema bila haya: hakuna makande kama yangu kutoka Same mpaka Mwanga, na anayebisha aje na kijiko chake. Nilianza na sufuria moja barazani, nikafika kwenye mabenchi matatu na kibanda cha mabati. Sufuria hilo limetoa mwalimu mmoja na fundi umeme mmoja, na sasa mjukuu wangu yuko chuo anasomea mambo ya maabara. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nikisimama kanisani nasimama kama mtu aliyesomesha.

Kosa langu lilikuwa moja. Kwenye ramani ya mji, mtaa wetu uliandikwa makazi. Makazi maana yake ulale, uamke, uzae, ufe. Kuuza hakumo. Aliyeichora hakuniuliza, wala mimi sikujua kama kuna ramani. Karani alijua. Alikuwa nayo, ameikunja ndani ya koti, na koti lenyewe halivui hata lile jua la Same linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alikuwa anasema. "Nina ugomvi na matumizi ya kiwanja."

Basi akawa ananiandikia barua. Si mimi hasa, anaiandikia ofisi ya ardhi kuhusu mimi. Kila nikiomba leseni naambiwa: mama, hapo ni makazi, halafu kuna pingamizi la jirani. Sikuhitaji kuuliza jirani yupi.

Sasa msimdhanie vibaya. Barua hakuwahi kuipeleka kwa siri. Anakuja nayo kibandani, anakaa mwisho wa benchi, anavaa miwani, ananisomea kwa sauti mbele ya wateja wangu, makondakta na akina mama wa sokoni. Alisema sheria inataka mlalamikiwa ajue analolalamikiwa. Mimi huku nakoroga.

"'Kwamba ifikapo saa nne asubuhi, mlalamikiwa hukaanga vitunguu...'"

"Saa tano, Karani. Saa nne maharage hayajaiva, nikaange vitunguu vya nini?"

"Una uhakika?"

"Mpishi nani hapa?"

Anatoa kalamu, anakata saa nne, anaandika saa tano. "Ahsante. Sitaki kusema uongo juu ya mtu." Halafu anafunika kalamu na kuniambia, "Haya, nipakulie. Na parachichi."

Alikula kwangu kila siku ya Mungu. Wakimcheka anajibu kwamba anakusanya ushahidi. Siku nyingine anaongeza sahani ya pili. Anasema ushahidi wa kwanza haukutosha.

Mkewe alikuwa hai siku hizo, mwanamke mpole aliyekuwa akimwambia kutoka dirishani, "Mzee, mwache mama wa watu apike." Naye anajibu, "Nimemzuia? Nimemwandikia tu."

Na yeye mwenyewe hakuwa malaika wa ramani. Nyuma ya nyumba yake walikuwepo mbuzi wawili, na mbuzi kwenye eneo la makazi hawaruhusiwi, alitwambia mwenyewe. Muuza mitumba, jirani yetu wa tatu, mtu wa maneno mengi, akamkamata siku moja mbele ya watu.

"Karani, na hao mbuzi wapo kwenye ramani?"

"Hao si mifugo," Karani akasema. "Mifugo hukaa. Hao ni wageni, wametoka Gonja."

"Wageni gani wana mwaka wa tatu?"

"Shemeji yako alikuja kwa wiki moja. Ameondoka?"

Muuza mitumba akajaza kijiko cha makande mdomoni.

Nisimalize kumcheka bila kusema habari ya vigingi. Asubuhi moja tulikuta vigingi vya mbao vimepigwa kwenye mstari, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vinapita sawasawa kati ya kiwanja changu na cha Karani na kuendelea chini mtaani. Hakuna aliyetuambia kitu. Sasa sisi wa mtaa huu wengi tumeshuka kutoka milimani, na kule juu vigingi kwenye mstari vina maana moja tu: mfereji. Kule maji yanakusanywa usiku kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji, asubuhi yanafunguliwa na kila mtu anapata kwa zamu yake. Ukiona vigingi, unachukua jembe. Huulizi.

Karani, ambaye ndiye aliyepaswa kuuliza, ndiye aliyepiga filimbi. Akapita nyumba kwa nyumba na koti lake kutangaza msaragambo, ile kazi ya wote ambayo kule kwetu mtu hakosi labda awe mgonjwa. Jumamosi tukatoka na majembe, na mimi nikapika. Saa sita mchana mfereji ulikuwa umekwisha, umenyooka kama uzi, kina cha goti. Vigingi tulivichomoa vizuri, tukavifuta udongo, tukavifunga kwa kamba ya katani, maana mali ya serikali haitupwi.

Jumatatu wapima wakaja na mitambo yao ya miguu mitatu. Yule kijana mkubwa wao akatembea huku na huku anatafuta. Karani akamwendea amebeba mzigo wa vigingi kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mzee. Vigingi vyangu viko wapi?"

"Hivi hapa, mwanangu. Vyote. Tumekutunzia. Weka sahihi hapa."

Yule kijana akakaa kwenye ukingo wa mfereji wetu, akashika kichwa. Ndipo akatwambia kwamba ule haukuwa mstari wa maji. Ulikuwa mstari wa ramani mpya ya mji. Upande wa juu, uliokaribia barabara kuu, yaani kwangu, sasa unakuwa biashara. Upande wa chini, kwa Karani, unabaki makazi.

Karani akauweka mzigo wa vigingi chini. Kisha akasema, "Basi mngeandika kwenye vigingi." Na kesho yake akapeleka barua mbili, ya kwanza ya kuomba radhi, ya pili ya kuuliza kwa nini vigingi vya serikali havina maelezo.

Mimi nilipika siku hiyo nikiimba. Kiwanja changu biashara! Nikaona nimeshinda, sufuria langu limetoka kifungoni. Nikamwambia Karani uzioni, "Umekwisha, baba. Tafuta mwingine." Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake anacheka huku shuka lake linaungua kwa nyuma.

Maana yeye alikuwa amesoma ramani yote, na mimi nilikuwa nimesikia neno moja.

Tuliitwa mkutanoni, darasani kwenye shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Afisa mipango miji alikuwa binti mdogo, msafi, mwenye heshima. Alisema, "Shikamooni wazee wangu," ndipo akafungua makaratasi. Akaeleza polepole. Upande wa biashara unatakiwa maghorofa na fremu za maduka. Mwenye kiwanja asiyeweza kujenga anaruhusiwa kuuza au kuingia ubia na anayeweza. Vibanda vya mabati na mapishi ya barazani yataondolewa.

Nikahisi dawati limenibana zaidi. Yaani siku zile za makazi nilikuwa nakosea kwa sababu nauza, na sasa ni biashara nakosea kwa sababu nauza kidogo.

Tajiri mmoja mwenye mabasi alikuwa amekaa mbele, ameshanunua kiwanja cha jirani yangu wa upande wa pili. Alinitaka na mimi nimwachie changu, ajenge nyumba ya wageni kubwa, na cha Karani akifanye maegesho, ila cha Karani bila changu hakimfai. Watoto wa Karani walioko Dar walikuwa wamekubali, na wangu kule Arusha pia. Namkunda alinipigia simu: "Mama, uza, upumzike." Nilimwuliza, nikipumzika nitakuwa nani? Akasema mtandao unakatika.

Afisa akaendelea. Kuna kipengele kimoja, akasema. Aliyekuwa anafanya biashara pale kabla ya ramani mpya, na akathibitisha, anaweza kuomba abaki, mradi aboreshe. Athibitishe kwa leseni, au kwa karatasi yoyote yenye mhuri wa ofisi.

"Mama, leseni unayo?"

"Sina."

"Hukuomba?"

"Niliomba mpaka nikachoka. Muulize yule pale." Nikamnyooshea Karani mkono. Nilikuwa na hasira ya kumrushia dawati, ila nilikuwa ndani yake.

Karani akasimama. Kwapani ana faili la kahawia nene kama tofali, limefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Nina pingamizi," akasema.

Darasa zima likaguna. Muuza mitumba akaita kutoka nyuma, "Karani, leo tuhurumie, madawati haya yanatuumiza!"

"Huyu mwanamke," Karani akasema, kidole kimenielekea, "amevunja sheria ya makazi pale alipo tangu mtaa hauna hata taa. Hajapumzika. Jua, mvua, sikukuu. Sitaki aondoke hapa akijifanya hajawahi kufanya chochote. Nimeleta uthibitisho."

Akafungua kamba. Akazitandaza barua mezani kwa afisa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika dagaa. Yule binti akazichukua, akasoma moja, akasoma ya pili, akaanza kuuma midomo asicheke.

"Mzee, zote hizi zinamhusu mama huyu?"

"Yeye na sufuria lake."

"Na zote zilipokelewa ofisini?"

"Tazama mhuri. Mimi siachi barua bila mhuri."

"Kwa hiyo, mzee, unathibitisha kwamba amefanya biashara hapo muda wote huu?"

"Bila kukoma!" Karani akafoka. "Andika hivyo. Bila kukoma!"

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja kama maji ya mvua. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anafuta machozi kwa ajenda. Tajiri peke yake hakucheka. Akasimama, akasema, "Afisa, hebu angalia hapo katikati. Pana miezi haina barua. Inaonekana aliacha biashara."

Afisa akapekua. Kweli, palikuwa na pengo. Akamtazama Karani.

Karani akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Wakati huo nilifiwa na mke," akasema. "Huyu alileta mafiga yake mengine akaja kupikia msiba wangu, na watu walipoondoka akaendelea kuniletea chakula mpaka nilipoweza kula na watu. Kibandani kwake aliendelea vilevile. Mwandishi ndiye aliyeacha kazi."

Hakuna aliyecheka hapo. Hata mimi niliinamisha kichwa, nikasoma majina ambayo watoto waliyachonga kwenye dawati.

Afisa akasema karatasi yenye mhuri ni karatasi yenye mhuri, na sheria haijasema iwe ya kumsifu mtu. Nikapewa kibali. Masharti yake ni bomba la moshi, sakafu ya saruji, na kibanda kigeuke jengo dogo la tofali.

Watu huniuliza kama alijua anachofanya. Nami nimelifikiria sana wakati wa kuchambua maharage. Mtu amekaa mahakamani maisha yake yote, hajui ushahidi unakata upande gani? Na hela ya tajiri ilikuwa inamsubiri akinyamaza tu. Lakini ungeuona uso wake siku ile! Alikuwa amekasirika kweli. Nadhani vyote viwili vilikuwa kweli. Alitaka nibaki, na alitaka ijulikane kwamba nimekosea.

Bomba langu lilipokwisha alikuja na futi yake, akapima, akazunguka, akarudi nyuma, akafunga jicho moja.

"Limepinda," akasema.

"Limepinda kwa sheria gani?"

Akafikiri. Akafungua ramani, akaikunja. Akakaa mwisho wa benchi, akala sahani yake kimya, hakuandika chochote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakula kama mtu wa kawaida. Sikupenda.

Baada ya hapo magoti yalimwishia, kisha macho. Binti yake ni muuguzi kule Gonja, akaja kumchukua pamoja na mbuzi. Muuza mitumba akawapungia mkono mbuzi, akasema wageni wamerudi kwao. Tukacheka. Jioni nikakuta nimepakua sahani moja zaidi.

Tajiri alijenga kwenye kiwanja alichokuwa nacho, ghorofa tatu, nyumba ya wageni yenye vioo vya buluu. Na mwaka huu, nimekaa zangu halali na kibali changu ukutani, nikaletewa barua. Imepigwa chapa, ina nembo ya wakili wa tajiri juu. Niliisoma siku mbili nzima. Inasema sufuria langu linatoa harufu mbaya, linaharibu hadhi ya eneo la biashara, wageni wanahama vyumba, na ofisi inaombwa ifute kibali changu. Nimepewa siku kumi na nne za kujibu.

Nikaikunja kwenye kitenge, nikapanda basi la Gonja, lile linalopita chini ya milima likikusanya vumbi lote la Same.

Nilimkuta barazani, blanketi miguuni, koti juu ya blanketi. Binti yake akaninong'oneza mlangoni, "Shikamoo mama. Afadhali umekuja. Siku ya tatu hii haongei na mtu, na uji anauangalia tu."

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba." Sauti ndogo, kama ya redio inayoisha betri. "Umeacha jiko na nani?"

"Nimelifunga leo. Nimeshtakiwa."

Kichwa kikanyanyuka. "Na nani?"

Nikampa barua. Aliileta karibu na pua, akaipeleka mbali, akairudisha. Binti yake akamletea kioo cha kukuzia. Alisoma mpaka mwisho, midomo inatembea, na niliona shingo inaanza kusimama.

"Nani kaandika takataka hii?"

"Wakili."

"Wakili gani hajui hata harufu imeanza saa ngapi? Upepo unatoka wapi? Hakuna tarehe. Hakuna shahidi." Akaipiga barua kwa kidole. "Na hili la 'harufu mbaya'. Mimi nimekuandikia miaka yote hiyo. Kuna mahali popote niliposema mbaya?"

"Hapana."

"Nilisema nini?"

"Ulisema kali."

"Kali! Harufu kali ya kitunguu, kuanzia saa tano. Kali ni kweli. Mbaya ni uongo, na mtu hasemi uongo ofisini." Alikuwa anahema. "Chukua kalamu. Mikono yangu inatetemeka, utaandika wewe."

"Karani, mimi darasa la nne."

"Makande unayapika kwa darasa la ngapi? Andika."

Nikaandika. Herufi zangu ni kubwa, kila moja inataka kiti chake. Yeye anatamka, mimi naandika, nikikosea ananiambia kata, usifute, anayefuta ana la kuficha. Tuliandika ya kibali, ya bomba, ya mstari wa mfereji. Katikati ya sentensi akasinzia. Nikangoja. Hakuamka, nami nikaona siku kumi na nne hazisinzii, nikamalizia mwenyewe. Niliandika kwamba mimi nilikuwepo kabla ya ghorofa, kwamba wageni wake wakishuka kwenye mabasi wanakuja kula kwangu kwanza ndipo wanauliza chumba, na kwamba anayetaka kujua kama harufu ni mbaya aje saa saba aone kama atapata nafasi ya kukaa.

Akafumbua macho. "Soma."

Nikasoma. Alisikiliza amefumba macho, na pale pa saa saba pembe ya mdomo ikasogea.

"Hiyo si lugha ya ofisi," akasema. "Iache hivyohivyo." Halafu akanyoosha mkono akaishika karatasi, akaipapasa chini, pale inapoishia sahihi. "Haijakamilika. Hujaweka nakala."

"Nakala kwa nani? Mwenyekiti? Mtendaji wa mtaa?"

"Hao watapelekewa na ofisi. Nakala kwangu. Na jibu lao likija, nalo nakala kwangu. Usimpe dereva wa basi, wanapoteza. Uilete mwenyewe."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Karani akamwashiria aulete.

Nikachukua kalamu, nikaandika chini kabisa, kwa zile herufi zangu: Nakala kwa Karani, Gonja. Kwa mkono.